Mashine Ichaguayo Rangi

Kila mchoraji ana ubao wake wa rangi. Juu ya ubao huo, uitwao paleti, huweka rangi chache alizozichagua, akazichanganya kwa brashi, na kutoka katika hizo chache hutokeza picha nzima: mlima, mawingu, nyuso za watu na vivuli vyao. Paleti hutangulia, picha hufuata. Katika zama zetu umezuka ufundi unaoigeuza safari hii. Mtu huipa kompyuta au simu picha iliyokwisha kupigwa, nayo programu huitazama kwa muda mfupi kama kupepesa jicho, kisha humrudishia vipande vitano au sita vya rangi vilivyopangwa safu, kana kwamba inasema: hizi ndizo rangi za picha yako. Watengenezaji wa mabango, wapambaji wa nyumba, wachapaji na wauzaji wa nguo huitumia. Nia yangu katika insha hii ni kuihakiki kazi yake kama tuhakikivyo kazi ya msanii mwingine yeyote, maana achaguaye huhukumu, na kila hukumu yaweza kupimwa.

Si haki kumlaumu fundi kabla ya kuziona zana zake, kwa hiyo tuzitazame kwanza. Picha iliyomo katika kompyuta ni kama mkeka uliosukwa kwa nukta ndogo mno, na kila nukta huitwa pikseli. Kila pikseli hubeba namba tatu: ya kwanza yaeleza kiasi cha wekundu, ya pili kiasi cha kijani, na ya tatu kiasi cha buluu. Kila namba huanzia 0 na kukomea 255, na kwa kuzichanganya tatu hizo hupatikana rangi 16,777,216. Sasa fikiri sanduku. Urefu wake upime wekundu, upana upime kijani, na kimo kipime buluu. Katika pembe moja ya chini, ambapo namba zote tatu ni 0, kuna weusi. Katika pembe iliyo mbali nayo kuliko zote, ambapo zote ni 255, kuna weupe. Kila pikseli ya picha yako ina mahali pake ndani ya sanduku hili, na rangi zinazofanana hukaa jirani kama nyumba za ukoo mmoja.

Mwaka 1982 Paul Heckbert alichapisha huko Marekani njia ya kuligawa sanduku hilo. Hulikata mahali ambapo nusu ya pikseli hubaki upande huu na nusu upande wa pili. Kila kipande nacho hukatwa vivyo hivyo, mpaka vipande vifike hesabu inayotakiwa. Halafu hutafutwa wastani wa rangi zilizomo katika kila kipande. Njia ya pili ina asili ya zamani zaidi. Stuart Lloyd aliiandika mwaka 1957 alipokuwa katika maabara ya Bell, ingawa haikutokea katika jarida mpaka mwaka 1982. Katika njia hii huwekwa vituo vichache ndani ya sanduku, na kila pikseli hujiunga na kituo kilicho karibu nayo. Kisha kila kituo husogea mpaka katikati ya wafuasi wake, pikseli hugawanywa upya, na mambo hurudiwa hivyo mpaka vituo vitulie. Mahali vinapotulia ndipo penye rangi za paleti.

Angalia, msomaji, makusudi ya watu hawa wawili. Heckbert alitaka picha zenye rangi nyingi zionekane vizuri katika mitambo ambayo kwa wakati mmoja haikuweza kuonyesha zaidi ya rangi 256. Lloyd hakuwa hata na picha mbele yake. Alikuwa akishughulika na ishara za mawasiliano. Wote wawili walijiuliza swali moja: twawezaje kutupa kingi na kupoteza kidogo? Ni swali la mtu anayefunga mizigo kwa safari, na jibu lao lilikuwa jema. Lakini programu za leo huulizwa swali jingine kabisa. Huulizwa picha hii ni ya rangi gani, nazo hujibu kwa jibu lile lile la kufunga mizigo. Hapo ndipo ninapoiona kasoro, na ili kasoro hiyo ionekane wazi yafaa tuwe na picha mbele yetu.

Tuichukue picha hiyo Mau Narok, kusini ya mji wa Nakuru, ukipita Njoro na kuendelea kupanda. Nchi ile iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ni baridi, ina ukungu wa asubuhi, na udongo wake hukubali ngano, shayiri, viazi, karoti na pareto. Fikiri kwamba ngano imeiva. Mteremko mzima ni dhahabu. Nyuma yake kuna safu ya miti iliyokolea. Juu kuna mbingu ya kijivu na buluu. Chini, pembeni, kuna njia ya udongo. Katika njia hiyo kijana mchungaji anapita, amejitanda shuka nyekundu. Picha ina pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, jumla 12,000,000. Shuka imechukua mahali pa pikseli 100 kwa 60, yaani 6,000. Ni sehemu moja katika 2,000.

Iombe programu rangi tano. Utapewa dhahabu ya ngano, dhahabu nyingine iliyofifia, kijani cha miti, kijivu cha mbingu na kahawia ya udongo. Nyekundu haimo. Pikseli zake 6,000 zimetiwa katika kundi lililokuwa karibu nazo, labda lile la udongo, na ndani ya wingi wa kundi hilo zimeusogeza wastani kwa unywele tu. Lakini mwonyeshe mtu picha hiyo hiyo, kisha umfiche na kumwuliza aliona rangi gani. Hatakosa kuitaja nyekundu, na yamkini ataitaja kwanza. Jicho la binadamu halipimi picha kwa eneo. Huwinda tofauti, hukimbilia kilicho peke yake, na zaidi ya hayo hukimbilia mtu.

Liko jambo zito zaidi katika kuhesabu kwa eneo, nami sitaki tulipite. Mashamba makubwa ya ngano ya Mau Narok yana asili yake katika zama za walowezi wa Kizungu. Wamaasai waliokuwa wakilisha katika Bonde la Ufa waliondolewa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo kwa mapatano ya mwaka 1904, na mapatano ya mwaka 1911 yakawahamisha tena wale waliopelekwa Laikipia. Madai yao juu ya ardhi ya Mau Narok hayakuacha kusikika hata baada ya uhuru. Kando ya mashamba makubwa wako wakulima wadogo, ambao viazi vyao na pareto yao hukaa katika vipande vyembamba. Programu haijui lolote katika habari hizi, wala haina nia mbaya. Inahesabu eneo tu. Lakini katika nchi ambako eneo ndilo lililogombewa, mwenye shamba kubwa hupata picha pia: dhahabu yake huchukua nafasi mbili katika tano, vipande vya mkulima mdogo humezwa na kijani cha miti, na mchungaji hana hata moja.

Watengenezaji wa programu si wajinga, na wengine waliiona hitilafu hii zamani. Mwaka 2014 Google ilitoa, kwa ajili ya simu za Android, programu iitwayo Palette, ambayo haitazami wingi peke yake. Huzigawa rangi katika zilizo hai na zilizofifia, tena zilizo nyeupenyeupe, za kati na zenye giza, kisha hutafuta katika kila fungu ile inayostahili zaidi. Kwa kanuni hii shuka yetu yaweza kuokoka, kwa kuwa wekundu wake ni mkali. Haya ni maendeleo, na ni haki kuyasifu. Walakini tazama yaliyokuja pamoja nayo. Dumu jekundu la plastiki lililotupwa kando ya njia nalo litaokoka kwa hoja ile ile, na ua la pareto halitaokoka. Ua hilo lina petali nyeupe na kitovu cha manjano. Weupe wake ni mpole, na kitovu chake ni kidogo. Zamani mkubwa ndiye aliyeshinda. Sasa hushinda na mwenye sauti kubwa. Ua lililolisha watu wengi wa nyanda hizi, na ambalo dawa yake ya kuua wadudu iliipeleka Kenya katika masoko ya dunia, halina sifa yoyote kati ya hizo mbili.

Tena programu hiyo ina mlango wenye bawabu. Kwa desturi yake, mtumiaji asipoibadili, huziacha nje rangi zinazokaribia sana weusi kamili na weupe kamili. Kadhalika, katika duara la rangi lenye nyuzi 360, huacha zile zilizo kati ya nyuzi 10 na 37, isipokuwa zimekolea sana. Ukiyatazama majirani ya nyuzi hizo utakuta kahawia za kila namna, na humo ndimo zilimo rangi nyingi za udongo na za ngozi ya binadamu. Sababu yake yaweza kuelezwa kwa urahisi: mtengenezaji alitaka rangi za kupambia kioo cha simu, na kwa kazi hiyo weusi, weupe na rangi ya ngozi hazikumfaa. Kwa kazi hiyo sina ugomvi naye. Lakini kijana akiweka ndani yake picha ya shamba lao lililolimwa, na mama yake akiwa amesimama katikati, asishangae akirudishiwa rangi ya kitambaa cha kichwa na ya jani la karoti, bila udongo na bila uso.

Hapa lugha zetu zina neno la kusema. Jina lenyewe la Mau Narok lina rangi ndani yake, kwa kuwa narok ni neno la Kimaasai lenye maana ya weusi. Nacho Kiswahili, katika rangi zote za ulimwengu, kilizipa tatu tu heshima ya kuwa vivumishi vyenye kupatana na majina: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema mtu mweusi, kiti cheusi, nguo nyeusi. Maziwa meupe, unga mweupe. Jicho jekundu, udongo mwekundu. Hizi ndizo rangi zilizoingia katika mifupa ya lugha. Katika tatu hizo, mbili zikiwa kamili hugeuzwa mlangoni na yule bawabu, na ya tatu ndiyo iliyopotea katika hesabu yetu ya ngano.

Na zile rangi nyingine je? Hizo Kiswahili hukiazima kitu chenyewe jina lake. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijani hutoka katika jani, kijivu katika jivu, na kahawia katika kahawa. Zambarau ni tunda, chungwa ni tunda. Mtu tunamwita maji ya kunde, na kitambaa tunakiita damu ya mzee. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa huko Marekani kitabu juu ya majina ya rangi, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha 20 walizozichunguza kwa kuwaonyesha wasemaji vipande vya rangi. Mojawapo ya vipimo vyao ni kwamba jina la rangi ambalo pia ni jina la kitu lilitiliwa shaka, lisihesabiwe upesi kuwa jina la msingi. Kwa mwanachuoni anayetaka rangi tupu kipimo hicho chaweza kufaa. Kwangu mimi kinaonyesha jinsi kipande cha rangi kilivyo kitu kigeni: rangi iliyobanduliwa, isiyo ya jani wala ya jivu. Programu ya paleti hutoa vipande vya namna hiyo hiyo, na badala ya jina huvipa namba. Mswahili asemapo damu ya mzee husikia kitu na umri wake. Namba haina umri.

Nisije nikadhaniwa kuwa nachukia hesabu, nitaleta mfano ambao ndani yake hesabu hufanya jambo lisilotarajiwa. Ni bendera ya Kenya, iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Ina milia mitatu mipana, nyeusi, nyekundu na kijani, na kati yao milia miwili myembamba ya nyeupe. Vipimo vyake ni 6, 1, 6, 1, 6. Tuiache ngao na mikuki kwa urahisi wa hesabu. Katika kompyuta nyekundu yake huandikwa mara nyingi 187, 0, 0, na kijani chake 0, 102, 0. Sasa iombe njia ya vituo rangi tatu tu. Bila shaka utadhani kwamba nyeupe ndiyo itakayopotea, kwa kuwa ni sehemu 2 tu katika 20. Haipotei. Iko mbali mno na wenzake ndani ya sanduku, na kuiunganisha na yeyote ni gharama kubwa. Walio karibu ni nyeusi na kijani: kati yao pana hatua 102 tu, ilhali kutoka nyeusi hadi nyekundu ni hatua 187. Basi hao wawili huunganishwa, na wastani wao ni 0, 51, 0, kijani cheusi kisichokuwamo katika bendera hata chembe. Nyeusi ni watu wa Kenya, na kijani ni ardhi yao. Mshairi angeweza kuisifu ndoa hiyo; mshona bendera hawezi. Jaribu mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kwa maana hesabu yake haihitaji mashine.

Kwa hiyo ubaya wa chombo hiki hauwi daima ubaya wa mkubwa kummeza mdogo. Wakati mwingine humwokoa mdogo aliye mbali, na kuwayeyusha wakubwa wawili walio jirani. Humo hamna upendeleo wa rangi wala chuki. Mna umbali na idadi. Na kwa kazi kadha wa kadha umbali na idadi vyatosha. Mtu aliyezaliwa bila uwezo wa kutofautisha nyekundu na kijani hupata kwa namba hizi shahidi asiyechoka. Mchapaji anayetaka kitabu cha pili kifanane na cha kwanza hana msaidizi bora. Tangu mwaka 2021, Android ya 12 ilipotokea, simu zinazokubali jambo hilo huweza kujivika rangi za picha ambayo mwenyewe ameiweka juu ya kioo, na hakuna aliyedhurika kwa hilo. Madhara huanza pale mtu anapotengeneza nembo ya shule au bango la ushirika wa wakulima, akaitia programu picha ya nyumbani kwao, na akapokea safu ya vipande vitano kama hati iliyotiwa muhuri.

Liko jambo moja jingine ambalo paleti huliacha, nalo haliponywi kwa kuomba rangi nyingi zaidi. Paleti haijui mahali. Hukwambia kuna weusi na weupe, wala haikwambii weusi uko wapi. Tukirudi Mau Narok tutaona ng'ombe wa maziwa wa aina ya Friesian, weusi wenye mabaka meupe, na hakuna wawili ambao mabaka yao ni sawa. Ipe programu picha za ng'ombe 20 wa namna hiyo, nayo itakurudishia paleti 20 ambazo hutaweza kuzitofautisha: nyeusi, nyeupe, na kijani cha nyasi. Lugha ya Wamaasai, watu walioishi na ng'ombe kwa vizazi, ina maneno mengi ya kumtaja ng'ombe kwa rangi yake pamoja na namna rangi hiyo ilivyopangika mwilini. Na hata kwa Kiswahili kitupu, mwenye kupotelewa na ng'ombe haendi kwa jirani akasema anamtafuta mweusi na mweupe. Husema ana baka jeupe begani upande wa kushoto, mkia mweupe nchani, na mguu mmoja wa nyuma ni mweusi mpaka kwatoni.